Kujikana si Kujinyima

Ni nadra siku hizi kusikia mahubiri yanayowalenga vijana wa Ruiru, Juja na Thika pasipo jina la Kamakis kutajwa. Mhubiri hulitaja kama manabii wa kale walivyoitaja Sodoma: mahali ambapo kijana wa Kikristo huingia na wokovu wake na kutoka mikono mitupu. Wazazi nao, wanapowaleta wana wao kuanza masomo ya chuo kikuu, huwaonya juu ya jina hilo hilo kabla hata ya kuwakabidhi nauli. Sisemi kwamba onyo hilo halina msingi. Nasema tu kwamba lina kasoro, na kasoro yenyewe ni ya sarufi kabla ya kuwa ya teolojia. Wanaoonya wamechanganya vitenzi viwili ambavyo lugha yetu imevitenga waziwazi: kujinyima na kujikana.

Kwa msomaji wa Mombasa au Kakamega asiyepajua, Kamakis ni sehemu ya mji wa Ruiru iliyo kando ya Barabara ya Mzunguko ya Mashariki, ile inayotoka Mombasa Road na kuja kukutana na barabara ya Thika. Ruiru niliyoisoma vitabuni ni ya kahawa. Jina lake limezunguka dunia kwa sababu ya Ruiru 11, aina ya mbuni iliyotolewa na watafiti wetu mwaka 1985 kwa ajili ya kustahimili maradhi. Leo hii, muulize kijana yeyote wa Nairobi, atakuambia habari ya mbuzi wa kuchoma. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, watu wakafuata lami, nyumba zikafuata watu, na moshi wa nyama ukafuata nyumba. Baa, klabu, majumba ya nyama choma na viwanja vya kuuzia magari vimepangana kando ya lami. Jumapili alasiri utawaona humo watu waliovalia suti za kanisani pamoja na watoto wao, wakisubiri mbavu ziive. Mbali kidogo na hapo kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta upande wa Kahawa, Chuo Kikuu cha Zetech pale pale Ruiru, na kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia huko Juja. Maelfu ya vijana walioondoka nyumbani kwa mara ya kwanza wanaishi katika umbali wa nauli ndogo ya matatu. Kwa hiyo wasiwasi wa wazazi unaeleweka.

Sasa turudi kwenye vitenzi. Mwalimu yeyote wa Kiswahili anajua kwamba kitenzi *kunyima* hudai shamirisho mbili. Juma alimnyima mtoto chakula: yuko mtoto, na kiko chakula. Ukikitia kiambishi *-ji-*, kinachoonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja, shamirisho moja huwa ni mtenda mwenyewe, lakini ile ya pili haiondoki. Aliyejinyima amejinyima kitu: nyama, usingizi, pombe, sukari. Kitu kile kinabaki pale nje kikimtazama. Tena tuangalie jambo jingine. Anayenyima ni nani? Ni mwenye mali, mwenye ufunguo wa ghala. Maskini hamnyimi mtu. Kwa hiyo mtu anapojinyima, nafsi yake inabaki kuwa bwana wa nyumba. Imeamua tu kwamba leo haitagawa.

*Kukana* ni kitenzi cha namna nyingine. Hutumika mahakamani, mshtakiwa anapokana mashtaka, na hutumika katika ukoo, baba anapomkana mwanawe mbele ya wazee. Kukana ni kusema: simjui huyu, sina uhusiano naye, neno lake halinifungi. Ukikipa kiambishi *-ji-*, hakuna kitu kinachobaki nje. Hakuna nyama wala chupa. Yuko mtu na nafsi yake tu, na mtu anaiambia nafsi hiyo kwamba haitambui tena kuwa na amri juu yake.

Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile ambayo wengi wetu tulilelewa nayo, hawakuteleza hapa. Katika lile fungu ambapo Yesu anawaeleza wanafunzi sharti la kumfuata, hawakuandika kujinyima; waliandika kujikana. Na kitenzi *kukana* ndicho hicho hicho kilichotumiwa usiku ule Petro alipoulizwa na kijakazi uani iwapo anamjua Mgalilaya, akasema hamjui. Katika Kiyunani cha Mathayo pia ni vitenzi vya mzizi mmoja mahali pote pawili. Nadhani hilo linatosha kumwamsha msomaji makini. Petro alitakiwa asimtambue Petro; saa ilipofika akaamua kutomtambua Kristo, kusudi Petro asalimike. Mmoja kati ya wawili hao ni lazima akanwe. Wala usiku ule Petro hakuwa amelewa, na hatuambiwi kwamba alikuwa na njaa. Alikuwa anaota moto.

Ndiyo maana sikubali hesabu ya wale wanaodhani kwamba mkristo kijana amekwisha kujikana kwa kuwa hajakanyaga Kamakis. Tuchukue wanafunzi wawili wa kubuni. Wa kwanza ni kiongozi wa chama cha Wakristo chuoni. Hanywi, havuti, hali nyama siku ya Ijumaa, na saa nne za usiku taa yake bado inawaka. Kwa nini inawaka? Anawaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na tasnifu kwa malipo, kazi ambayo imewapa riziki vijana wengi wa Kenya wenye shahada na wasio na ajira, na ambayo wengi wao wamejizoeza kutoiita udanganyifu. Mwanafunzi huyu ni mtulivu, ni msafi, analipa zaka kwa pesa hizo, na akipita Kamakis kwa matatu hufumba macho na kuwahurumia waliomo. Wa pili amekaa Kamakis na wenzake watano, mbele yao sinia la mbuzi na ugali. Mmoja anatoa simu, anaonyesha karatasi ya mtihani wa Jumatatu iliyovuja. Wote wanachangishana. Zamu yake inafika, anaona jinsi macho yote yalivyomgeukia, moyo unamwenda mbio, anasema hataki. Wanamcheka. Anamaliza nyama yake kimya na kurudi bwenini peke yake. Ni yupi kati ya wawili hawa aliyejikana?

Wako watakaodai kwamba mfano wangu umepindwa ili kuwapendelea wala nyama. Sivyo. Najua yanayotendeka huko. Najua mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ukiingia, wako wanaoumaliza kwa wikendi mbili, kisha wanakopa Fuliza ili wale. Najua habari za wasichana wanaolishwa na wanaume wenye umri wa baba zao, ambao lugha ya mitaani imewapa jina la heshima wasilolistahili, ‘wafadhili’. Hayo si ya kuchekewa. Mwenye kujua kwamba glasi moja humvuta kwenye ya kumi afanye vyema kutopita hata kwenye barabara ile, maana mchovya asali hachovyi mara moja. Kujinyima kuna kazi yake: ni mazoezi, kama vile mkimbiaji anavyokimbia milimani kabla ya siku ya mashindano. Lakini hakuna aliyepewa nishani kwa sababu ya mazoezi.

Mwafrika mmoja aliyefundisha kazi inayokaribiana na yangu alilielewa jambo hili zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Augustino alizaliwa mwaka 354 mjini Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, akawa mwalimu wa ufasaha wa lugha huko Karthago, kisha Roma, kisha Milano. (Walimu wenzangu watafarijika kusikia kwamba wanafunzi wake wa Karthago walikuwa na fujo isiyomithilika, na wale wa Roma walikuwa na desturi ya kumhama mwalimu kwa pamoja karo ilipokaribia kulipwa.) Katika kitabu chake cha Maungamo, dhambi anayoichambua kwa kina kirefu kuliko nyingine nyingi za ujana wake si ya zinaa wala ulevi. Ni wizi wa mapea. Akiwa na miaka 16, yeye na genge lake waliutikisa mti wa jirani usiku, wakabeba mapea ambayo hayakuwa matamu, nao hawakuwa na njaa. Mengi wakawatupia nguruwe. Kwa nini basi? Baada ya kujihoji sana anafikia jibu linalotisha kwa wepesi wake: angekuwa peke yake asingelitenda. Aliiba kwa sababu wenzake walisema twende, naye akaona haya kutokuwa mtu asiyeona haya.

Wanafunzi wangu huelewa mapea hayo upesi kuliko wanavyoelewa nadharia yoyote ninayowafundisha. Moshi wa nyama unawaita, ndiyo, lakini wengi huenda Kamakis mara ya kwanza kwa hofu ya kubaki bwenini wakati picha za wenzao zinasambazwa. Nafsi inayotakiwa kukanwa ni ile inayoomba kuonekana. Na nafsi hiyo inaweza kulishwa Kamakis kwa sinia, na inaweza pia kulishwa madhabahuni kwa kipaza sauti.

Waswahili walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Waislamu wa pwani, walioutia utamaduni wa lugha hii fikra hizo mapema kuliko sisi wa bara, huzungumzia jihadi ya nafsi, na saumu yao haiishii kwenye kutokula, kwani ulimi na macho navyo hutakiwa kufunga. Mshairi wa Pate aliyetunga Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, hakuelekeza wosia wake kwa majirani. Aliuelekeza kwa moyo wake mwenyewe, akiuonyesha magofu ya majumba ya Pate na kuuliza kwa nini haushituki. Paulo naye, katika sura ya saba ya barua yake kwa Warumi, anajieleza kama mtu aliyegawanyika vipande viwili: analijua jema, analitaka, kisha anajikuta mkono wake uko kwenye lile analolichukia. Msomaji ataona kwamba wote hao hawakusema lolote juu ya barabara wala mtaa fulani wa kuepukwa.

Lakini tusidhani kwamba haya ni ya vitabu tu. Afrika Mashariki ilipata kuyaona yakitendeka kwa upana ambao vijana wengi wa leo hawausomi popote, nami nalaumu mitaala yetu kwa hilo. Mwezi wa Septemba 1929, huko Namirembe, Kampala, Mganda mmoja aitwaye Simeoni Nsibambi, mtumishi wa idara ya afya, alikutana na daktari Mwingereza Joe Church aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Mweusi na mweupe, katika enzi ya ukoloni, wakiulizana kama ndugu juu ya upungufu wao. Kutokana na makutano kama hayo ukazuka Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao wafuasi wake waliitwa kwa Kiganda Balokole, yaani waliookoka. Ulifika Kenya, huko Kabete, mwaka 1937, ukaenea Kiambu na Murang'a, hadi kwenye vijiji vinavyoizunguka Thika.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu wa shule ya wainjilisti huko Gahini. Masimulizi ya Uamsho yanaeleza kwamba alipoona kazi yake haizai, hakuanza kuwakemea wanafunzi. Alijifungia siku kadhaa katika maombi, kisha akatoka akaenda kwanza kwa mkewe, halafu kwa wanafunzi wake, akaomba msamaha kwa ukali na kiburi chake. Mwalimu! Tena mwalimu wa miaka ya 1930, ambaye kiboko chake kilikuwa sheria. Alifariki Januari 1936, kabla moto aliouchangia haujafika kwetu. Kila nikitafuta mfano wa kitenzi *kujikana* darasani, naona ni vigumu kupata ulio mfupi na kamili kuliko huo. Hakujinyima kitu. Aliikana hadhi ya ualimu pale ambapo hadhi hiyo ilikuwa imemzuia kuwa mtu.

Majaribu makubwa yalikuja baadaye. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, watu wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walijikuta kati ya mapanga mawili. Mau Mau waliwataka wale kiapo. Wakakataa, wakisema wameshakwisha kufungamanishwa na damu nyingine. Serikali ya kikoloni nayo iliwataka washike bunduki pamoja na walinzi wa nyumbani. Wengi wao wakakataa hiyo pia, wakisema hawawezi kumwua mtu ambaye Kristo alimfia. Wako waliouawa. Wako waliopigwa na pande zote mbili. Sitaki hapa kuwadhalilisha waliokwenda msituni. Dai la ardhi lilikuwa la haki, na aliyeishi miaka mitatu katika msitu wa Nyandarua kwa mizizi na asali alijinyima kuliko mtawa yeyote. Nataka tu tutambue kilichokataliwa na wale ndugu wa Uamsho. Katika siku zile kila nafsi ilitafuta kusalimika kwa kujiunga na upande, na upande ule ulimpa mtu jina, silaha na wa kumlilia. Wao walikana hata hilo. Kwa macho ya dunia walikuwa wapumbavu, na wako wanahistoria wanaodhani hivyo hata leo.

Hata hivyo, mimi si mpambe wa Uamsho. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha teolojia cha Askofu Tucker, Mukono, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa baada ya kukataa amri ya kuacha mikutano yao ya maombi ya alfajiri. Walidai chuo kimepoa kiimani. Wakuu wa chuo wakadai utiifu. Nimelisoma tukio hilo mara nyingi, na kila mara naona ugumu ule ule: mtu anaweza kuwa sahihi juu ya uvuguvugu wa wengine na papo hapo akaupenda mno usahihi wake. Nafsi iliyokanwa mlangoni hurudi kupitia dirishani ikiwa imevaa kanzu nyeupe. Na kadiri miaka ilivyopita, katika sehemu nyingi yale yaliyokuwa kilio cha moyo yaligeuka orodha. Mapambo haya hapana, nywele zile hapana, mkopo hapana, maungamo ya hadharani kwa maneno yale yale kila juma hata yakawa kama salamu. Yaani kujikana kukarudi kuwa kujinyima, kwa sababu kujinyima kunahesabika na kunaonekana.

Lipo jambo moja la sarufi ambalo ningependa walimu walishike kwa nguvu zaidi. Kitenzi hiki hakina kauli ya kutendwa. Twasema amekanwa, lakini hakuna ‘amejikanwa’. Mtu hawezi kujikana kwa niaba ya mwingine, wala hawezi kumtenda mwenziwe tendo hilo. Hapa ndipo mimbari na ofisi zetu zinapokosea vibaya. Mke anayepigwa akaambiwa ajitwike msalaba wake hajajikana. Amekanwa, na mumewe na mshauri wake kwa pamoja. Walimu wanagenzi wa Sekondari Msingi waliogoma mwaka 2024 wakidai ajira ya kudumu waliambiwa na wengi kwamba ualimu ni wito na kwamba wito hudai kujitoa. Kweli, wito hudai. Lakini anayestahili kutamka neno hilo ni yule anayejitoa, si yule anayeweka akiba kutokana na kujitoa kwa mwenzake. Nimewasikia wakubwa wakiusifu moyo wa kujinyima wa walimu wa vijijini kwa ufasaha mkubwa, kisha wakapanda magari yaliyonunuliwa kwa kodi za walimu hao hao. Ukimsikia mtu akihimiza kujikana, tazama kwanza kiambishi: je, *-ji-* hiyo ni yake au ni ya mwingine?

Upande wa pili wako wahubiri wa injili ya mafanikio, ambao wamelitatua tatizo kwa kulifuta kabisa neno hili. Kwao msalaba ni ngazi. Panda mbegu, vuna gari. Sina mengi ya kusema juu yao isipokuwa kwamba kati ya mahubiri hayo na tangazo la klabu ya Kamakis sioni tofauti ya maana: vyote viwili vinamwahidi kijana kwamba nafsi yake itapewa inachokitaka, na kwamba itapewa usiku huu. Angalau klabu haikusanyi sadaka.

Serikali nayo imejaribu. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, tuliyozoea kuiita sheria ya Mututho, ilipanga baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi, na kufungwa saa tano usiku. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako wa pombe haramu katika eneo la Kati, na pipa baada ya pipa likamwagwa. Naunga mkono sheria zinazookoa macho na maini ya watu. Lakini sheria ni kunyima tu, tena kunyimwa na askari. Saa haiwezi kuikana nafsi kwa niaba ya mwenye nafsi.

Mwanafunzi atauliza, na wameniuliza: sasa tufanye nini siku ya Ijumaa jioni? Luka, anapolisimulia lile sharti la Yesu, anaongeza neno dogo ambalo Mathayo na Marko hawanalo, la kuonyesha kwamba jambo hilo ni la kila siku. Katika lugha yetu, tendo la kila siku tunalielezea kwa *hu-*, nacho kiambishi hiki kina tabia ambayo huwasumbua wageni wanaojifunza Kiswahili: kinakataa kuandamana na kiambishi cha nafsi. Mimi hujikana, wewe hujikana, yeye hujikana. Kitenzi ni kile kile. Sidai kwamba watunzi wa lugha walikusudia teolojia. Nawaeleza tu vijana kwamba wasisubiri siku moja kubwa ya kushinda vita hivi kisha wapumzike.

Wala sitawaambia wasile nyama. Yule wanayedai kumfuata alishutumiwa na wacha Mungu wa siku zake kuwa mlafi na mlevi kwa sababu ya watu aliokaa nao mezani, na hatusomi kwamba aliacha kukaa nao. Ninachowaomba ni mambo madogo ambayo hayapigwi picha. Ukiwa mezani na mwenzako hana pesa, usimwache ajikopeshe Fuliza ili alingane nawe. Msichana anayesengenywa hayupo. Mtetee, hata kama utani utakugeukia wewe. Ukiwa mwalimu na mwanafunzi amekusahihisha mbele ya darasa naye ana haki, mshukuru mbele ya darasa hilo hilo. Ukiwa umeandika insha ya mtu wa Chicago kwa dola 20, irudishe pesa hiyo, na ukifika kanisani Jumapili usiisimulie.

Katika hayo yote, la mwalimu ndilo naliona kuwa gumu kuliko mengine, labda kwa kuwa ni kazi yangu. Tumezoea kuwa nafsi ya kwanza darasani kwa muda mrefu mno.